Kwa Nini Nitumwe Eldoret? Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Upasuaji Mkubwa na Hospitali za Rufaa

Mimi ni muuguzi mstaafu wa thieta. Kwa miaka 23 nilisimama kando ya meza ya upasuaji katika hospitali za kaunti huku Nyanza na Magharibi, nikimkabidhi daktari vyombo na kuhesabu vitambaa kabla tumbo halijafungwa. Siku hizi nawasaidia walezi wa wagonjwa hapa Kisumu, na kuna swali linalonifuata kila mahali, sokoni Kibuye, kanisani, hata matangani: "Sista, sisi tuna hospitali kubwa na thieta mpya. Mbona mzee ametumwa Eldoret?" Anayeuliza huwa amechoka na ana hasira, na anastahili jibu kamili. Haya ndiyo majibu ninayotoa, pamoja na ya maswali mengine yanayofuata lile la kwanza.

Kukusanya upasuaji mkubwa katika hospitali chache ni nini hasa?

Ni sera inayosema kwamba operesheni fulani, zile ngumu na zisizo za kila siku, zisifanywe katika kila hospitali yenye thieta. Zipelekwe mahali pachache ambako timu ileile inazifanya wiki baada ya wiki. Tunazungumzia kukata umio wenye saratani, kutoa sehemu ya kongosho au ini, kubadilisha vali ya moyo, kutoa uvimbe kwenye ubongo, kupandikiza figo, au kumtengeneza mtoto mchanga aliyezaliwa utumbo ukiwa nje.

Kenya imepanga huduma za afya kwa ngazi 6, kuanzia jamii na zahanati, kupitia hospitali za kaunti ndogo kwenye ngazi ya 4 na hospitali za rufaa za kaunti kwenye ngazi ya 5, hadi hospitali za rufaa za kitaifa kwenye ngazi ya 6, kama ile ya Moi kule Eldoret. Kwa hiyo wazo lenyewe si geni kwetu. Ninachotaka kukiona ni orodha iliyobandikwa ukutani, inayosomeka na mwananchi: operesheni hii ifanyiwe hapa, ile isiguswe hapa.

Daktari wetu ni bingwa, amesoma chuo kilekile na wale wa Eldoret. Kwa nini asiifanye yeye?

Huenda ni hodari kuliko wengi. Ila tunauliza pia ameifanya mara ngapi mwaka huu, na waliomzunguka wameifanya naye mara ngapi.

Mwaka 1979 Harold Luft na wenzake huko Marekani walichunguza aina 12 za operesheni katika hospitali 1,498. Kwa operesheni za moyo wazi na za mishipa mikubwa ya damu, hospitali zilizofanya 200 au zaidi kwa mwaka zilikuwa na vifo vichache kuliko zile zilizofanya chache. Kwa kutoa kifuko cha nyongo, hawakuona tofauti ya namna hiyo. Yaani kuna operesheni zinazodai mazoea makubwa, na kuna ambazo hazidai, na sera yenye akili huanza kwa kuzitenganisha.

Mwaka 2002 John Birkmeyer na wenzake walitazama wazee wa Marekani walio kwenye bima ya serikali. Kwa upasuaji wa kongosho, katika hospitali zilizofanya operesheni chache kabisa walikufa asilimia 16.3 ya wagonjwa. Katika zile zilizofanya nyingi kabisa walikufa asilimia 3.8. Kwa umio ilikuwa asilimia 20.3 dhidi ya 8.4. Lakini kwa operesheni ya mshipa mkubwa wa shingo ilikuwa 1.7 dhidi ya 1.5, tofauti ambayo isingenifanya nimpandishe mama yangu gari.

Uholanzi ilichukua hatua. Operesheni za kongosho ziliondolewa kwenye hospitali ndogo na kukusanywa, na vifo vikashuka kutoka asilimia 9.8 mwaka 2004 hadi 5.1 mwaka 2009. Baadaye wakaweka sharti: hospitali isiyofikisha operesheni 20 za kongosho kwa mwaka isizifanye.

Takwimu hizo ni za nchi tajiri, najua. Basi niseme nilichokiona kwa macho yangu, katika hospitali ambayo sitaitaja. Tulimfanyia mgonjwa operesheni ya umio. Daktari wa upasuaji alikuwa mzuri na mtulivu. Lakini mimi sikujua chombo kitakachofuata, ikabidi aniombe kila kitu kwa jina. Daktari wa usingizi alitakiwa kulipumzisha pafu moja huku lingine likifanya kazi, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa muda mrefu. Damu iliyotayarishwa ilikuwa chupa mbili. Hakuna kati yetu aliyekuwa mzembe. Tulikuwa timu nzuri ya kuzalisha kwa upasuaji na kutoa kidole tumbo, na usiku ule tulikuwa tumeombwa kuwa timu nyingine.

Kwa hiyo tatizo ni kisu?

Mara nyingi si kisu, na hili ndilo jambo ambalo natamani kila gavana alielewe kabla ya kukata utepe wa thieta.

Mwaka 2009 ilichapishwa kazi ya Amir Ghaferi na wenzake iliyochunguza wagonjwa 84,730 wa upasuaji nchini Marekani. Walilinganisha hospitali zenye vifo vingi na zenye vifo vichache, na wengi wetu tungetarajia zile mbaya ziwe na matatizo mengi zaidi baada ya operesheni. Hawakukuta hivyo. Matatizo yalikaribiana, asilimia 26.9 katika hospitali zenye vifo vichache na 24.6 katika zenye vifo vingi. Tofauti ilikuwa kwa wale waliopata tatizo kubwa: katika hospitali nzuri walikufa asilimia 12.5, katika zile nyingine 21.4. Hospitali nzuri zilipatwa na mabaya yaleyale, ila ziliyaona mapema na kuyashughulikia.

Hapa Afrika, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 ulifuatilia wagonjwa 11,422 katika hospitali 247 za nchi 25. Karibu mmoja kati ya watano alipata tatizo baada ya upasuaji, na waliofariki walikuwa asilimia 2.1, mara mbili ya wastani wa dunia, ingawa wagonjwa wetu walikuwa vijana zaidi na wenye afya bora zaidi. Wengi wa waliofariki hawakufia mezani. Walifia wodini, siku zilizofuata.

Fikirieni wodi saa nane za usiku, muuguzi mmoja na wagonjwa 40. Siku ya tano baada ya operesheni ya umio, mshono wa ndani unaweza kuanza kuvuja. Mgonjwa anapumua kwa kasi kidogo, moyo unaenda mbio, joto limepanda nusu nyuzi. Muuguzi aliyewahi kuona hali hiyo mara 30 anampigia daktari simu papo hapo. Yule ambaye hajawahi kuiona anaandika kwenye faili na kungoja raundi ya asubuhi. Na hata akipiga simu, kuna kipimo cha CT usiku? Kuna kitanda katika chumba cha wagonjwa mahututi? Kuna damu? Hospitali inayostahili kufanya upasuaji mkubwa ni ile yenye majibu ya maswali hayo Jumapili usiku, si Jumatatu asubuhi wageni wanapotembelea.

Kwa nini daktari asije huku, badala ya mgonjwa kwenda huko?

Swali zuri, na serikali yenyewe imelifikiria. Mkakati wa kitaifa wa rufaa wa 2014 hadi 2018 ulieleza kwamba vitu vinne vinaweza kusafirishwa: mgonjwa, sampuli zake, taarifa zake, au utaalamu wenyewe. Mara nyingi sisi huona kimoja tu, tunampakia mgonjwa.

Kinyama cha kupima saratani kinaweza kusafiri. Picha za kipimo zinaweza kusafiri. Daktari naye anaweza kuja, na kambi za upasuaji zimewasaidia wengi wenye ngiri, mtoto wa jicho, au watoto waliozaliwa na mdomo uliopasuka. Hospitali ya macho ya Sabatia kule Vihiga ni mfano mzuri: kazi ya aina moja, inayofanywa kila siku, kijijini kabisa.

Lakini daktari akija Ijumaa, akakata umio Jumamosi, na kuondoka Jumapili, ni nani atakayekuwepo siku ya tano? Operesheni ambayo hatari yake huja baada ya daktari kuondoka haifai kufanyiwa kambini.

Ni upasuaji gani haupaswi kamwe kusogezwa mbali na watu?

Mwaka 2015 tume ya upasuaji ya jarida la Lancet ilitaja operesheni tatu ambazo kila hospitali ya kwanza ya wilaya inapaswa kuziweza: kumzalisha mama kwa upasuaji, kufungua tumbo kwa dharura, na kutibu mfupa uliovunjika ukatoboa ngozi. Na mtu awe anaweza kuifikia hospitali hiyo ndani ya saa mbili. Tume hiyohiyo ilikadiria kwamba watu bilioni 5 duniani hawapati upasuaji salama wanaoweza kuumudu.

Kwa hiyo mtu akikwambia kwamba kukusanya upasuaji maana yake ni kuifunga thieta ya Bondo, Webuye au Molo, mkatae. Mimba iliyotunga nje ya mfuko wa uzazi haingoji gari la kwenda Eldoret. Utumbo uliojisokota haungoji. Thieta ndogo zikidhoofika kwa jina la kujenga hospitali moja kubwa, tutawazika akina mama wengi kuliko wagonjwa wa kongosho tutakaowaokoa. Nasema hivyo nikijua uzito wake.

Je, kichwa kilichogongwa?

Hapa ndipo sera inapobanwa, kwa sababu jeraha hili ni gumu na ni la haraka kwa pamoja.

Boda boda imeteleza Kondele. Kijana ameamka, anaongea, anaomba maji. Baada ya saa mbili anasinzia usingizi usioamshika. Damu inajikusanya ndani ya fuvu na kuukandamiza ubongo. Anahitaji kipimo cha CT na tundu kwenye fuvu, na anahitaji sasa hivi.

Maoni yangu ni kwamba Kisumu, Eldoret na Nakuru kila mmoja lazima uwe na timu ya ubongo usiku na mchana. Nakuru hasa, kwa sababu ya barabara ile ya Salgaa na Sachangwan, ambayo imetuletea majeruhi wengi mno. Wazee wenzangu mnakumbuka lori la mafuta lililolipuka Sachangwan mwishoni mwa Januari 2009, likaua zaidi ya watu 100. Majeruhi wengi walikimbizwa Nakuru.

Na kule ambako hakuna daktari wa ubongo, daktari wa upasuaji wa kawaida anaweza kufundishwa kutoboa tundu la kuokoa maisha huku bingwa akimwelekeza kwa simu. Kabla mgonjwa hajawekwa kwenye gari, hakikisheni njia ya hewa iko wazi, ana oksijeni, shinikizo la damu halijaanguka, na kuna muuguzi anayekwenda naye. Kumpakia kijana asiyejitambua na shangazi yake peke yao nyuma ya gari si rufaa.

Mwaka 2015 kaunti zilipewa mashine. Hazikumaliza tatizo?

Mpango ule wa kukodisha vifaa ulipeleka vifaa vya thieta, vya wagonjwa mahututi, vya figo na vya picha katika hospitali 98, mbili kwa kila kaunti na nne za kitaifa. Mashine za kusafisha damu zilikuwa baraka. Mgonjwa wa figo husafishwa damu mara mbili au tatu kila wiki, na huwezi kumwambia mama wa Busia aende Eldoret mara nane kwa mwezi. Huduma ya namna hiyo inapaswa kutawanywa.

Lakini kuna vifaa vilivyokaa ndani ya maboksi kwa kukosa chumba, umeme wa kutosha au mtu wa kuvitumia, na Seneti ililichunguza jambo hilo. Mashine ya kupumulia bila muuguzi aliyefunzwa kuiangalia ni samani. Tuligawa vyuma kwa usawa, kila kaunti na chake, kana kwamba tunagawa viti vya harusi. Watu wa kuvitumia hatukuwagawa.

Kwa nini Eldoret? Kwa nini si Kisumu, Nakuru au Kakamega?

Kwa sehemu ni historia. Hospitali ya Moi Eldoret ilianza mwaka 1917 kama hospitali ndogo ya mji, ikapewa hadhi ya hospitali ya rufaa na mafunzo ya kitaifa mwaka 1998, ikakua pamoja na shule ya udaktari ya Chuo Kikuu cha Moi. Mwaka 2015 ikapata jirani, hospitali ya watoto ya Shoe4Africa. Mambo hayo hujengana: wanafunzi huleta walimu, walimu huvuta wagonjwa, na wagonjwa huleta mazoea.

Kisumu tunayo Hospitali ya Jaramogi Oginga Odinga, ambayo wengi bado tunaiita Russia kwa sababu ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti. Ilifunguliwa Oktoba 1969, siku ambayo wazee wa mji huu hawajaisahau kwa damu iliyomwagika. Mwaka 2025 ilipandishwa hadi ngazi ya 6. Nilifurahi. Ila ngazi ya 6 haiji na gazeti la serikali peke yake. Sasa Kisumu na Eldoret wakae chini wagawane kazi: wewe chukua hizi, mimi nichukue zile, badala ya kila mmoja kufanya operesheni 6 za kila aina kwa mwaka.

Hospitali ya Nakuru, ile tunayoiita PGH hadi leo, yaani hospitali kuu ya mkoa, inahudumia watu wa Baringo, Samburu, Narok na Nyandarua pia. Iko kwenye ngazi ya 5 lakini mzigo wake ni wa zaidi ya kaunti moja.

Na si lazima kituo bingwa kiwe mjini wala kiwe cha serikali. Tenwek iko Bomet, ni hospitali ya misheni tangu 1937, na imejulikana kote kwa upasuaji wa moyo na wa umio, saratani iliyowaandama sana watu wa Rift na Magharibi. Mgonjwa wa Kisii anaiacha Kisumu na kwenda Bomet kwa sababu kule mikono imezoea.

Mnasema kuna hospitali bingwa karibu na mpaka wa Malaba?

Iko Mbale, Uganda, ng'ambo ya Malaba. Ni hospitali ya CURE, ya upasuaji wa ubongo kwa watoto, na wazazi wa Bungoma na Busia huipata bila kukanyaga Nairobi wala Kampala. Naipenda habari yake kuliko zote.

Daktari Benjamin Warf alipofanya kazi pale miaka ya mwanzo ya 2000 aliwaona watoto wengi mno wenye kichwa maji. Kwa kuwa walikuwa wengi, aligundua kwamba kwa wengi wao ugonjwa ulitokana na maambukizi ya utotoni. Matibabu ya kawaida ni kuweka mrija wa kutoa maji kichwani hadi tumboni. Lakini mrija huziba, na ukiziba mtoto anahitaji thieta haraka. Mtoto wa Seattle atafika. Mtoto wa kijijini, ambaye mama yake anangoja mahindi yauzwe ndipo apate nauli, hatafika. Basi Warf akaunganisha njia mbili, kufungua njia ya maji ndani ya ubongo na kuchoma sehemu inayotengeneza maji hayo, ili watoto wengi wasihitaji mrija kabisa.

Ona alichofanya. Umbali wa nyumbani kwa mgonjwa aliuhesabu kama sehemu ya ugonjwa, akabadilisha operesheni. Hivyo ndivyo ningetaka kila anayeandika sera ya rufaa afikiri.

Basi kwa nini watu wanachukia kutumwa mbali?

Kwa sababu ya wanayotendewa njiani.

Mjomba wangu, mkulima wa Siaya, alianza kukataliwa na ugali. Halafu na samaki. Akabaki na uji. Hospitali ya kwanza ilimpa dawa ya vidonda vya tumbo miezi minne. Ya pili ilikuwa na mashine ya kuangalia umio lakini imeharibika. Siku alipoandikiwa rufaa alipewa karatasi na kuambiwa aende. Hakuna aliyepiga simu kule anakokwenda. Tulifika Ijumaa jioni, kliniki ya upasuaji ilikuwa ya Jumanne, kitanda hakuna. Alilala kwenye benchi usiku mbili, koti langu likiwa mto wake, na Jumapili akasema, "Mwanangu, nirudishe nyumbani nikafe nikiona ng'ombe zangu." Ilichukua wiki tatu kumshawishi tena. Wakati huo ugonjwa ulikuwa umekwishafika kwenye ini. Aliwekewa kibomba cha kumwezesha kumeza, akanywa uji na sisi miezi mitano.

Hospitali ile ya mwisho ilikuwa na timu ya kumfanyia upasuaji. Sera ya kukusanya ilikuwepo. Kilichokosekana ni simu moja, tarehe moja na kitanda cha usiku mbili.

Ndiyo maana nashikilia kwamba safari ni sehemu ya operesheni. Katiba ya 2010 imeziweka hospitali za kaunti na magari ya wagonjwa chini ya kaunti, na hospitali za rufaa za kitaifa chini ya serikali ya kitaifa. Anayetumwa hana mwenyewe akiwa katikati. Kaunti inayotuma ingewajibika kisheria kwa nauli ya mgonjwa na mlezi mmoja, kwa simu ya kuthibitisha nafasi, na kwa malazi ya mlezi. Kaunti 14 za jumuiya ya kiuchumi ya ukanda wa ziwa zikichangia, nyumba moja ya walezi Eldoret na moja Kisumu si mzigo wa kuzishinda. Operesheni moja inayofanywa kabla ugonjwa haujaenea ni nafuu kuliko miezi ya dawa za maumivu.

Nani analipa?

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 bima ya afya ya serikali ni ya SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF. Mwajiriwa hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara, na kiwango cha chini kwa mtu yeyote ni shilingi 300 kwa mwezi. Aliye kwenye jua kali hupimwa uwezo wake kwanza, kisha hulipa ya mwaka mzima. Kujisajili ni kwa *147#. Fanyeni leo, mkiwa wazima. Nimeona familia zikianza kujisajili mlangoni mwa thieta.

Upasuaji wa kupangwa huombewa idhini ya bima kabla. Mwulize afisa wa bima hospitalini: ombi limetumwa lini, limekubaliwa kiasi gani, na pengo ni kiasi gani. Kuna pia hazina ya dharura na magonjwa sugu kwa wanaomaliza kiwango chao. Bima hulipia matibabu. Nauli ya mlezi, chakula chake na mahali pake pa kulala ni juu yenu, na hapo ndipo harambee hukwama, kwa sababu watu hukadiria bili ya hospitali na kusahau wiki tatu za kuishi mji wa watu.

Dharura ni jambo jingine. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

Baada ya operesheni, nitarudi huko mbali kila mwezi?

Si lazima, ikiwa hospitali ya karibu imeandaliwa. Chukueni mtoto ambaye vali za moyo wake ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi, ugonjwa unaoanzia kwenye koo lililouma na halikutibiwa. Operesheni ni moja, mbali. Lakini akiwekewa vali ya chuma atakunywa dawa ya kuzuia damu kuganda maisha yake yote, na damu yake ipimwe mara kwa mara. Dawa ikizidi, atavuja damu. Ikipungua, vali itaziba au atapata kiharusi.

Kipimo hicho ni kidogo, tone la damu. Kikikosekana Migori, operesheni ya mamia ya maelfu inapotea. Kabla ya kuondoka hospitali kuu, uliza ni nani atakayekupima karibu na kwenu, kwa jina la kituo na siku ya kliniki.

Hospitali yetu haitadorora wagonjwa wakubwa wakiondoka?

Inaweza, na hofu hiyo ni ya kweli. Dawa yake ni kuwazungusha watu. Chuo cha madaktari wa upasuaji cha Afrika Mashariki, Kati na Kusini, COSECSA, kilichoanzishwa 1999 na chenye makao Arusha, huwafunza madaktari wakiwa ndani ya hospitali zetu wenyewe. Madaktari na wauguzi wa kaunti wangekwenda kituo kikuu miezi mitatu, wakarudi wakijua hatari inavyoonekana. Muuguzi wa wodi, narudia. Wauguzi husahauliwa kwenye mipango hii.

Na madaktari wakigoma?

Walifanya hivyo siku 100 kati ya Desemba 2016 na Machi 2017, na siku 56 mwaka 2024. Kanda nzima ikitegemea hospitali moja, kila kitu husimama. Ndiyo sababu nyingine ya kutaka vituo viwili au vitatu.

Naweza kukataa kutumwa?

Unaweza. Lakini kwanza mwulize daktari mambo manne, kwa heshima na bila woga. Operesheni hii hapa mmefanya ngapi mwaka huu? Nikizidiwa usiku, ni nani atakayekuwepo? Nikingoja mwezi mmoja, ugonjwa utafika wapi? Je, mmepiga simu huko mnakonituma, na aliyepokea anaitwa nani? Daktari mwema hatachukia. Wengi hufurahi kuulizwa.

Siku ya safari nibebe nini?

Barua ya rufaa, na nakala yake ibaki nyumbani. Picha zote za CT na eksirei, hata za zamani. Majibu ya kinyama. Orodha ya dawa, au pakiti zenyewe ndani ya mfuko wa plastiki. Kitambulisho cha mgonjwa na cha mlezi, na uthibitisho wa bima. Majina ya watu wawili walio tayari kutoa damu. Blanketi, kwa maana Eldoret ni baridi kuliko Kisumu na mgonjwa aliyekonda huhisi zaidi. Chaja ya simu. Ondokeni mapema ili mfike siku ya kazi asubuhi; Kisumu hadi Eldoret ni karibu kilomita 120, lakini barabara ya milima ya Nandi haiendeshwi haraka mkiwa na mgonjwa. Na andika kwenye karatasi, si kwenye simu tu kwa sababu simu huzima, namba ya muuguzi wa wodi mliyotoka.